Nani Husikilizwa Kwenye Kikao cha Wodi?

Watu wa nyumbani Dodoma wanaponiuliza hospitali za akili zenye ulinzi za Uingereza, ambako nafanya kazi ya uuguzi, zinatuzidi nini, hutarajia niwatajie kuta, kamera na dawa. Mimi huwatajia kikao. Mgonjwa aliyeletwa na mahakama hajadiliwi na daktari peke yake: mezani huketi daktari bingwa wa magonjwa ya akili, muuguzi, mwanasaikolojia, mtaalamu wa tiba kwa vitendo, ofisa ustawi wa jamii na mara nyingi mfamasia, na mgonjwa mwenyewe huitwa, akitaka pamoja na mtetezi asiyeajiriwa na wodi.

Kisheria yupo mmoja anayebeba dhamana ya matibabu, na tangu Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1983 iliporekebishwa mwaka 2007 si lazima awe daktari. Hata huyo ana mipaka, kwa kuwa mgonjwa aliyewekewa masharti maalumu na mahakama haruhusiwi kwenda hata dukani bila idhini ya Wizara ya Sheria, nayo wizara hutaka kuona hatari imepimwa vipi na kwa ushahidi gani.

Ushahidi huo mara nyingi hutoka kwa mtu wa chini kabisa. Mhudumu wa zamu ya usiku anaweza kueleza kwamba mgonjwa anayejibu vizuri mbele ya daktari hapati usingizi usiku, na husemezana na sauti anazozisikia yeye tu hadi alfajiri, na kwa maelezo hayo ruhusa ya kutoka ikaahirishwa. Kwetu muuguzi mdogo hungoja kuulizwa na bingwa, asipoulizwa, hunyamaza. Sioni heshima yoyote katika ukimya huo, maana anayeumia ni mgonjwa.

Hata hivyo, wenzetu wana pengo ambalo makaratasi yao mengi (na ni mengi kupita kiasi) hayalizibi. Ndugu wanaweza kualikwa kwa ridhaa ya mgonjwa, lakini wengi wa wagonjwa wamekwisha kutengana na jamaa zao, na kikao hupanga maisha ya mtu ambaye nje hana anayemsubiri. Nyumbani shangazi au kaka husafiri na mgonjwa, akijua ugonjwa ulianza lini, nani kijijini bado ana hofu, na shamba lake sasa analima nani. Hayo hayamo katika faili lolote.

Ugumu wetu ni umbali. Isanga, taasisi ya wagonjwa wa akili wenye kesi iliyo chini ya Hospitali ya Mirembe ya Dodoma, hupokea watu wanaopelekwa na mahakama kutoka nchi nzima, na sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai hutaka taarifa ya akili ya mshtakiwa iandikwe ndani ya siku 42. Ndugu wa Kagera au Mtwara hawezi kufunga safari kila anapohitajika.

Najua nitajibiwa kwamba wataalamu ni wachache. Ni kweli, na ndiyo maana sipendekezi vikao vya kila wiki kwa kila mgonjwa. Tuanze na wale wanaokaribia kuruhusiwa, hasa ambao kwao si mbali, kama Kondoa, Mpwapwa au Kongwa: muuguzi wa zamu aseme kwanza, bingwa aseme mwisho, na ndugu asiyeweza kufika apigiwe simu kikao kikiendelea.