astragon na biashara ya kuuza zamu

Mtu ametoka kazini, amefika nyumbani, ameoga, kisha anawasha kompyuta na kuanza zamu nyingine ya kuendesha basi. Na zamu hiyo kailipia mwenyewe. Hapo ndipo astragon Entertainment ya Düsseldorf, Ujerumani, kampuni ya kuchapisha gemu iliyoanzishwa mwaka 2000, inapopatia riziki yake: gemu za mabasi, ujenzi, zimamoto na doria ya polisi. Januari 2022 Team17, kampuni ya gemu ya Uingereza, ilitangaza kuinunua kwa bei inayoweza kufika yuro milioni 100, kwa hiyo wanaouona huu kuwa utani wa Wajerumani wana la kujibu.

Lawama kwamba kazi si mchezo siipi uzito. Kwenye gemu yao ya Bus Simulator 18 abiria anaomba tiketi, unatafuta aina anayoitaka, unamhesabia chenji, huku ratiba ikikuacha. Kituo kinachofuata kuna mwenye kiti cha magurudumu, nawe inabidi uache usukani ukamfungulie ubao wa kupandia. Hakuna adui wala risasi, na bado jasho linakutoka.

Lawama nzito ni ya nembo. Ndani ya gemu hiyo yapo mabasi ya Mercedes-Benz, Setra, MAN na IVECO. Kwenye Construction Simulator, gemu yao ya ujenzi, utakuta mitambo ya Caterpillar na Liebherr. Mkosoaji anauliza: nanunua mchezo, au nalipia tangazo la kiwanda? Swali la haki. Lakini vijana wa Kenya na Tanzania wanaopaka rangi za mabasi ya kwao kwenye Bus Simulator Indonesia, gemu ya simu isiyo ya astragon, wangemjibu upesi kwamba basi lisilo na jina unalolijua halinogi.

Tena astragon ina sababu yake ya kung'ang'ania majina. Gemu zenyewe kwa kawaida hutengenezwa na wengine: Bus Simulator 18 na stillalive ya Innsbruck, za ujenzi na weltenbauer ya Wiesbaden. Kwa miaka mingi iliuza Farming Simulator, gemu ya kilimo, katika soko la Kijerumani, ila mwenye mali alikuwa Giants Software wa Uswisi, na mwaka 2021 Giants wakachapisha toleo la 22 wenyewe. Mchapishaji asiyeshika jina lake mwenyewe hubaki dalali tu.

Tatizo ni kwamba nembo haiendeshi basi. Mwaka 2011 Aerosoft, Wajerumani vilevile, walitoa OMSI, gemu ya basi ya kompyuta, kazi ya watengenezaji wawili: mabasi ya MAN ya ghorofa, njia namba 92, Spandau ya Berlin Magharibi miaka ya 1980. Sura yake haikuwa ya kuvutia, kompyuta ilikwamakwama, na mgeni angeweza kushindwa hata kuliwasha basi. Ila gia ikibadilika unaisikia, na ukikanyaga breki vibaya abiria wanakusema. Mabasi ya astragon, kwangu mimi, yanatofautiana zaidi kwa sura kuliko kwa tabia.

Hata hivyo nisiwaonee. Mtoto mwenye PlayStation anaingia barabarani ndani ya dakika chache, jambo ambalo OMSI haikuwahi kumpa, na soko kubwa liko kwake. Ila leseni za viwanda si bure, na kwa toleo lijalo ningepunguza nembo nusu, fedha hiyo iende kwenye gia na breki.