Messiah ya Handel: kwaya kubwa au kwaya ndogo?

Tarehe 29 Juni 1888, katika jumba la Crystal Palace jijini London, wakala wa Thomas Edison aitwaye Kanali George Gouraud alitega mashine ya kunasa sauti mbele ya kwaya ya watu wapatao 4,000. Walikuwa wakiimba Israel in Egypt, oratorio (kazi ndefu ya kwaya, waimbaji wa solo na okestra kwa maneno ya Biblia) ya George Frideric Handel. Silinda za nta za siku ile zipo mpaka leo, na ni miongoni mwa rekodi za kale kabisa za muziki zilizosalia duniani. Ukizisikiliza, unachopata ni mvumo. Maelfu ya makoo, lakini neno moja halishikiki.

Mitambo ya wakati huo ilikuwa duni, hilo halina ubishi. Hata hivyo silinda hizo zinagusa swali linalorudi kila Desemba wapenzi wa muziki mtakatifu wanapoulizana wasikilize Messiah ipi. Kazi ni ile ile, oratorio nyingine ya Handel, lakini rekodi zake ni nyingi, na zimegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza ni ya kwaya kubwa: waimbaji mia na zaidi, okestra kamili ya kisasa, mwendo mzito wa taratibu. Ya pili ni ya kwaya ndogo: waimbaji ishirini au thelathini, ala za namna ya karne ya 18, mwendo mwepesi. Kila upande huuona wenzake hawajui wanachokisikiliza. Mimi naona pande zote mbili huchanganya mambo mawili yasiyofanana, yaani kwaya unayoisikia kwenye spika na kwaya unayoisikia ukiwa umekaa nayo chini ya paa moja.

Tuanze na kwaya ndogo, kwa kuwa ndiyo yenye nyaraka mkononi. Handel aliandika Messiah kati ya tarehe 22 Agosti na 14 Septemba 1741, kwa maneno ya Biblia yaliyochaguliwa na kupangwa na Charles Jennens. Iliimbwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, katika ukumbi wa mtaa wa Fishamble. Wanakwaya walitoka katika makanisa makuu mawili ya mji huo, wanaume na wavulana, na jumla yao ilikuwa kama thelathini tu. Wasikilizaji ndio waliojaa: wanawake waliombwa waje bila magauni yenye matao na wanaume waache panga zao nyumbani, ili watu kama 700 waweze kutosha. Mapato yalikwenda kwa wafungwa wa madeni na kwa hospitali mbili za mji.

Ushahidi mzito zaidi ni hesabu za mwaka 1754 za Foundling Hospital, makao ya watoto waliotupwa jijini London, ambako Handel alikuwa akiongoza Messiah kwa ajili ya kuchangisha fedha. Hesabu hizo zinataja malipo ya kila aliyeshiriki. Wapiga ala walikuwa 38, na kwaya haikufika hata watu 25. Narudia, kwa sababu jambo hili hugeuza picha yote tuliyozoea: wapiga ala walikuwa wengi kuliko waimbaji. Mwongozaji Christopher Hogwood alipotoa rekodi ya kazi hii mwaka 1980 kwa kufuata mpangilio huo wa 1754, na wavulana wa kanisa kuu la Christ Church, Oxford, wakiimba sauti ya kwanza, wengi walisikia kwa mara ya kwanza fidla zikizungumza na kwaya kama watu wa rika moja. John Butt na kikundi chake, Dunedin Consort, walikwenda mbali zaidi mwaka 2006 kwa kurekodi toleo la Dublin na kikundi cha waimbaji dazeni hivi, ambao ndani yake walitoka pia waimbaji wa solo.

Basi ukubwa ulitoka wapi? Handel alifariki mwaka 1759. Mwaka 1784, kwenye kumbukumbu yake katika kanisa la Westminster Abbey, waimbaji na wapiga ala walizidi 500, na katika karne iliyofuata Crystal Palace ikawa inakusanya maelfu. Mwandishi George Bernard Shaw alichoshwa na mambo hayo, na mwaka 1891 akauliza kwa nini watu wasiache kumwaga fedha kwenye matamasha ya umati, wakaiandaa Messiah vizuri na waimbaji ishirini hodari. Ilichukua miaka mingi hadi ombi lake lipate kusikika kwenye santuri.

Ukiishia hapo, kesi imekwisha: kwaya ndogo ni ukweli, kwaya kubwa ni upotoshaji. Nakataa. Wanaohukumu hivyo husahau ni akina nani waliojaza zile kwaya kubwa. Katika miji ya viwanda ya kaskazini mwa Uingereza, walikuwa wafanyakazi. Huddersfield Choral Society ilianzishwa mwaka 1836 katika mji wa viwanda vya sufu, na Messiah ya Krismasi ikawa desturi ya mji huo. Wengi wa watu wa aina hiyo hawakuwa na fedha za kulipa mwalimu wa muziki. Mambo mawili yaliwafungulia mlango: vitabu vya nota vya bei nafuu, na mfumo wa solfa ulioanzishwa na mwalimu Sarah Glover na kuenezwa na mchungaji John Curwen. Mtu aliyetoka kazini jioni aliweza kuijifunza sehemu yake kwa d, r, m, akaenda kusimama na wenzake mia mbili na kuimba maneno ya nabii Isaya.

Solfa hiyo hiyo ndiyo wamisionari walioileta Afrika Mashariki. Kwaya nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania zimejifunza Haleluya ya Handel, korasi ya Messiah, kwa njia ile ile iliyotumiwa na wafumaji wa sufu: mwalimu wa kwaya anaandika solfa ubaoni, sauti ya nne wanakaa kona yao, sauti ya pili wanalalamika kwamba yao haina wimbo, na baada ya wiki kadhaa za mazoezi ya jioni kitu kinasimama. Kwa hiyo tunapozisikiliza rekodi za Huddersfield chini ya mwongozaji Malcolm Sargent, kama ile ya mwaka 1946, tunawasikia ndugu zetu wa ufundi. Ni watu wa kujitolea, wenye kazi zao nyingine, na unasikia namna wanavyolijua neno kabla ya kulifikia, kwa kuwa wameliimba kila Krismasi tangu ujana. Uhakika wa namna hiyo haupatikani kwa kukodi waimbaji bora kwa wiki moja.

Njia nzuri ya kuupima ubishi huu ni kuchukua kipande kimoja na kukisikiliza kwa makini. Chukua korasi ya sehemu ya Krismasi inayotokana na Isaya 9:6, “Maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa.” Handel aliijenga juu ya muziki wa wimbo wake wa Kiitaliano, wa sauti mbili za solo, aliokuwa ameutunga majira yale yale ya 1741. Hilo peke yake linaeleza ugumu wake: ni muziki uliozaliwa kwa ajili ya makoo mawili mepesi. Sauti ya kwanza inaanza, ya tatu inajibu, halafu juu ya neno la kuzaliwa zinakuja nota za haraka mfululizo, mstari mrefu usio na mahali rahisi pa kuvuta pumzi. Hapa kwaya ndogo inashinda bila mjadala. Sauti husafiri mita kama 340 kwa sekunde. Mwimbaji wa safu ya nyuma aliye mita 20 nyuma ya mwenzake wa mbele humfikia msikilizaji akiwa amechelewa karibu theluthi ya nota moja, na katika mstari kama huo theluthi ya nota inatosha kuufanya uji.

Lakini endelea kusikiliza. Baada ya kusukana kote huko, sauti zote nne zinaungana ghafla na kutamka majina: Wa ajabu! Mshauri! Fidla zinakimbia juu yao, na kile alichokuwa Handel amekizuia kwa kurasa kadhaa kinaachiliwa mara moja. Anafanya hivyo mara nne katika korasi hiyo moja. Hapo waimbaji ishirini wanatoa mwangaza, na waimbaji mia mbili wanatoa kishindo. Nimesikiliza rekodi nyingi za korasi hii, na bado sijapata moja inayonipa vyote viwili. Handel mwenyewe ameviweka pamoja ndani ya ukurasa mmoja, na kila kwaya inachagua ni kipi itakipunguza.

Sasa turudi kwenye spika. Kipaza sauti hakihesabu watu. Ukikiweka karibu na waimbaji kumi na wanane, watasikika wakubwa kadiri fundi mitambo anavyotaka, na wewe nyumbani utaongeza au kupunguza upendavyo. Kwaya kubwa, kinyume chake, hupoteza kwenye rekodi kile kilichowaleta watu wote wale pamoja. Ukikaa mbele ya watu mia mbili wanaovuta pumzi pamoja, benchi ulilokalia linatetemeka, na huna kitufe cha kuwapunguza. Rekodi haichukui mtetemo huo. Inachukua kuchelewa kwao, uzito wao, konsonanti zisizokutana. Na wengi wetu sasa tunasikiliza kwa simu, ambayo spika yake inaukata karibu mzizi wote wa besi, ndiko ulikokaa uzito wa kwaya kubwa. Rekodi ya Thomas Beecham ya mwaka 1959, iliyoongezewa ala kemkem hadi matoazi kwa mpangilio wa Eugene Goossens, ukiisikia kwenye simu ni kelele. Kwenye spika nzuri ni sherehe, nami naipenda hivyo hivyo ilivyo, ingawa sitamwambia mtu kwamba Handel ndivyo alivyoandika.

Kwa kusikiliza nyumbani, basi, kura yangu ni kwa kwaya ndogo. Mashaka yangu yanaanza rekodi hizo zinapogeuzwa kuwa kipimo cha kwaya ya kanisani. Mwalimu anawasikia Waingereza ishirini waliobobea wakiikimbiza Haleluya, anakuja mazoezini na kasi hiyo, na kwaya ya watu sitini inaporomoka. Wanakwaya wanaondoka wakidhani hawajui kuimba. Wanajua. Wamepewa mwendo wa watu wachache wanaosimama hatua mbili kutoka kwa mwenzao, na wao wamejaa madhabahuni hadi ngazini. Kwaya kubwa ina haki ya mwendo wake, na Messiah inauvumilia mwendo huo vizuri zaidi kuliko wataalamu wanavyokiri.

Kuna tatizo jingine dogo linalosumbua kweli. Rekodi nyingi za ala za kale hutumia urari wa chini, ambapo nota ya A ni mitetemo 415 kwa sekunde badala ya 440 ya kinanda cha leo, tofauti ya kama nusu toni. Haleluya imeandikwa katika D, lakini ukibonyeza D kwenye kinanda huku rekodi ikiimba, vinagombana. Sauti ya kwanza ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa ile G ya juu wanayoipanda kwa ngazi kwenye “Mfalme wa wafalme” husikika rahisi kwenye rekodi, kumbe wenzao wanaiimba nusu toni chini. Kinanda chenye kitufe cha kuhamisha ufunguo kinatibu hilo wakati wa mazoezi, ila mwalimu lazima ajue kwanza kwamba tatizo lipo.

Ndiyo maana kwa mwalimu wa kwaya ninapendekeza rekodi mbili za mwaka 1966 ambazo wapenzi wa pande zote huzipita haraka: ya Colin Davis na London Symphony, na ya Charles Mackerras na English Chamber Orchestra. Zote zilipunguza ukubwa wa kwaya na kurudisha wepesi, lakini zikabaki na ala za kisasa na urari wa leo. Unaweza kufuata nazo kwa kinanda chako. Mwendo wake ni wa binadamu, na maneno yanasikika.

Neno kuhusu majira. Handel aliizoesha London kuisikia Messiah wakati wa Kwaresima, kuelekea Pasaka, na ni sehemu ya kwanza tu inayohusu kuzaliwa kwa Bwana. Haleluya yenyewe inafunga sehemu ya pili, baada ya mateso na ufufuko, kwa maneno ya Ufunuo. Albamu za sikukuu zinazoibandika mwishoni mwa sehemu ya kwanza huruka msalaba mzima. Sioni ubaya kuiimba usiku wa Krismasi, nami nitaiimba kama kila mwaka. Ila kwa anayesikiliza nyumbani na ana saa mbili na nusu, aiache ipite yote kwa mpangilio wake, kwa sababu sauti zile zinazopanda za “Mfalme wa wafalme” zina uzito mwingine kabisa zinapotanguliwa na alto peke yake akiimba, polepole, juu ya mtu aliyedharauliwa na kukataliwa na watu.