Taitai za Mwani Nazo ni Plastiki

Inaudhi kuona kila unapofanywa usafi wa pwani, mazungumzo ni mifuko na chupa. Mifuko sisi Zanzibar tuliipiga marufuku 2006, Bara wakafuata 2019, na sokoni bado imo; hilo ni la siku nyengine. Leo nasema taitai, vile vijikamba vya plastiki vya kufungia mwani kwenye kamba ya shamba baharini. Maji yakitoka Paje au Jambiani, tazama chini: vijikamba vimenasa kwenye nyasi za bahari, rangi imeshapauka.

Hesabu yake nyepesi. Kamba ya mita 5, ukiacha sentimita 20 baina ya mbegu (kitawi cha mwani kinachopandwa) na mbegu, inachukua taitai kama 25. Kamba 40 ni taitai 1,000, na hapo ni mkulima mmoja. Baada ya wiki 6 hivi mavuno yanafika, maji yanaanza kujaa, fundo limebana na limeota majani, mama mkulima anaikata taitai. Sawa, kufungua mafundo elfu kwa vidole vilivyolowa ni mateso, sikatai. Lakini kilichokatwa kinaelea, jua linakikausha, kinachanika nyuzinyuzi nyembamba ambazo hakuna wa kuziokota tena.

Joto nalo linazidisha. Mwani aina ya kottonii, wenye bei kuliko aina ya spinosum, hauvumilii maji ya moto. Bamvua la Kaskazi, maji yamekupwa na jua kali, matawi yanageuka meupe, yanalegea, yanakatikia penye fundo. Mbegu imekwenda, taitai imebaki tupu, na mkulima anaanza kufunga upya. Bahari ikizidi joto, kazi ya kufunga inarudiwa na plastiki inaongezeka. Halafu lawama anabebeshwa yeye, aliyekwisha kupoteza mavuno!

Na usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, badala ya plastiki? Wazee walishonea mitepe, vyombo vyao vya baharini, na makumbi hufukiwa pwani hizi hizi. Kwa taitai ujaribiwe, ingawa ni mgumu kwa fundo dogo.

Kinachowezekana sasa hivi ni kitanzi cha kudumu. Fumua kidogo nyuzi za kamba kuu, pitisha taitai katikati, funga fundo lisilotoka, acha kitanzi cha kuingia mbegu. Ukivuna unakilegeza, unatoa mwani, taitai inabaki kwenye kamba ikisubiri mbegu mpya. Kinachoharibu ni kukibana mno: shina likinenepa linajikata lenyewe. Kikiwa kipana, wimbi linachomoa mbegu. Na taitai iliyochoka ikatwe nchi kavu, kamba ikishaletwa juu, isikatwe majini.

Wanunuzi wanaogawa kamba na taitai nao wana deni. Mwani mkavu wanaupima hadi kilo ya mwisho, lakini taitai wakishazitoa hawaziulizi tena. Wazipokee kuukuu kwenye mizani ile ile, na anayerudisha kilo apewe kilo mpya bila malipo. Gari lao linakuja kijijini kuchukua magunia ya mwani; nafasi ya gunia moja la taitai haikosekani.