Kichungi Kilichoniambia Nijipigie Simu

Mwaka 2014, wakati wa Kombe la Dunia la Brazil, nilikuwa fundi wa kompyuta katika shule moja ya bweni huku Pwani. Kazi yangu ilikuwa kompyuta ishirini na mbili, printa moja yenye kisirani, na kitu chochote chenye waya, ikiwemo kengele ya shule na pasi ya matroni.

Wavulana wa Kidato cha Tatu walikuwa wameanza kubeti. Pesa walizitoa wapi, Mungu ndiye ajuaye, lakini Madam Principal aliwasikia kwa masikio yake nje ya bwalo wakibishana: "Tubeti Ujerumani au tusibeti?" Kesho yake akaniita ofisini, akanipa kikaratasi. Wino mwekundu, hati safi ya mwalimu wa zamani, maneno matatu: *beti, kubeti, kamari*.

"Fundi, haya maneno sitaki kuyaona tena katika mtandao wa shule."

"Hutayaona, Madam."

Kichungi kilikuwepo tayari. Muhula uliotangulia nilikuwa nimesakinisha DansGuardian, programu iliyokaa katikati ya kompyuta zetu na intaneti. Kivinjari kinaomba ukurasa kupitia mlango namba 8080, DansGuardian inausoma wote, neno kwa neno, kisha ndiyo inaamua kama uuone au usiuone. Siku hizo tovuti nyingi zilikuwa bado hazijahamia HTTPS, ile njia inayoficha yaliyomo yakiwa safarini, hata Wikipedia ilihamia moja kwa moja mwaka uliofuata, kwa hiyo kusoma yaliyomo kulikuwa rahisi kama kusoma barua isiyo na bahasha.

Na kwa kuwa mimi na mafaili ya seva hatupatani, niliweka Webmin, programu ya kusimamia seva kupitia kivinjari, pamoja na moduli yake ya DansGuardian, nisimamie kila kitu kwa vitufe kama mtu mstaarabu. Vitufe hivyo vilinitesa tangu usiku wa kwanza. Nilibofya cha kuwasha. Ukurasa ukajipakia upya, ukasema programu imezimwa. Nikabofya tena. Imezimwa. Nikabofya kwa upole, nikabofya kwa hasira, nikabofya huku nimetazama pembeni ili isinishtukie. Saa saba za usiku nikasalimu amri, nikafungua faili lenyewe, na pale juu juu nikakuta mstari umeandikwa UNCONFIGURED, yaani bado haijasanidiwa. Umewekwa makusudi. Mpaka uufute kwa mkono wako, programu haiwaki. Kitufe kilikaa kimya muda wote ule, kama mtoto anayejua nani kavunja kikombe.

Basi, na kikaratasi cha Madam mkononi, nikafungua orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku na kuandika: <beti>, <kubeti>, <kamari>. Sasa, kwa DansGuardian, ukiacha nafasi kabla na baada ya neno ndani ya vimabano vile, linakamatwa likiwa peke yake tu. Usipoacha, linasakwa hata likiwa limejificha tumboni mwa neno jingine. Mimi sikuacha. Nilidhani nafasi zile ni mapambo.

Nikahifadhi, nikawasha upya, nikaenda kunywa chai. Kabla ya kwenda nikakamilisha jambo moja nililojivunia sana: ukurasa wa kukataliwa, ule unaotokea mtu anapozuiwa, niliutia nembo ya shule na maneno haya: "Ukiona ukurasa huu kwa makosa, mpigie Fundi." Chini yake namba yangu.

Simu ya kwanza ilikuwa ya matroni. Alikuwa na mtoto mwenye kisukari, anatafuta vyakula vinavyomfaa, na kila tovuti ya Kizungu inakataa. Sikuelewa. Akanisomea neno herufi kwa herufi: d-i-a-b-e-t-i-c. Nikasema mtandao una hitilafu, utatengemaa.

Wa pili mwalimu wa CRE, somo la dini ya Kikristo, anayetayarisha somo la Luka sura ya kwanza. Zakaria hana shida. Mkewe, Elisabeti, amefungiwa.

Mkutubi ndiye aliyefuata, na swali kuhusu kupanga vitabu *alphabetical*. Hapo jasho lilianza.

Mwalimu wa Kiswahili hakupiga simu. Alikuja kwa miguu, polepole, vumbi la chaki mabegani, akasimama mlangoni mwa maabara.

"Fundi. Shairi lina nini?"

"Lina... vina, Mwalimu."

"Lina vina. Lina mizani. Lina mishororo. Mishororo ikikusanyika hufanya nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. "Beti, Mwalimu."

"Ubeti. Zikiwa nyingi ndiyo beti. Kidato cha Nne wana mtihani wa fasihi keshokutwa, na mtambo wako unaniambia Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki 1840, ni mcheza kamari."

Nikamhakikishia ni suala la dakika mbili. Nikafungua Webmin, mlango namba 10000, nikaingia, nikabofya orodha ya maneno. Ikaja nembo ya shule. Nikadhani nimekosea kubofya. Nikarudi, nikabofya tena kwa uangalifu. Nembo ya shule.

Bila shaka msomaji umeshaona. Ukurasa wa orodha ulikuwa na neno beti ndani yake, kwa sababu ndiyo orodha yenyewe, na kivinjari changu kilikuwa kinapita kwenye kichungi kama cha mwanafunzi yeyote. Webmin kwa kawaida hutumia HTTPS, kichungi kisingeona ndani. Lakini mimi niliizima HTTPS kwa kuwa lile onyo la cheti lilikuwa linanikera. Ukurasa ukanieleza kwa adabu kwamba nilichoomba hakifai, na kama nadhani kuna makosa, nimpigie Fundi.

Nakiri mkono ulienda mfukoni.

"Mpigie," akasema Mwalimu nyuma yangu. "Huenda akakusaidia."

Kwa papara nikafanya ujinga mkubwa kuliko wa kwanza. Ukurasa mkuu ulikuwa bado unafunguka, na una kitufe cha kuzima kichungi. Nikabofya. Kitufe hiki kilitii mara moja. Kichungi kikazima, na njia yangu ya kwenda kwenye kitufe cha kuwasha ikazima nacho, maana kivinjari kilikuwa kinapitia humo humo. Kutoa proksi kwenye kivinjari, yaani kukiambia kisipitie kwenye kichungi, sikuweza: nilikuwa nimeufunga mpangilio huo kompyuta zote ili wanafunzi wasiuchezee. Kuingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuipa amri ukiwa kompyuta nyingine, pia hapana, niliizima wiki iliyopita. Kwa usalama.

Shule nzima ikakosa intaneti. Simu ikaanza kuita bila msaada wa ukurasa wowote.

Seva yenyewe ilikuwa kabatini, nyuma ya maabara, haina skrini. Skrini yake nilikuwa nimemwazima mhasibu tangu Mei. Nikaenda kuikomboa. Mhasibu alikuwa katikati ya mishahara ya wapishi. Akanipa dakika kumi na tano, akanifuata nyuma akitazama saa, na nyuma yake Mwalimu wa Kiswahili, ambaye sasa alikuwa na muda wa kutosha. Nikapiga magoti ndani ya kabati, skrini juu ya ndoo iliyopinduliwa, kibodi mapajani. Nikafungua faili la orodha kwa nano, programu ndogo ya kuhariri maandishi, nikafuta mistari mitatu, nikahifadhi, nikawasha. Ilichukua chini ya dakika moja. Mhasibu akasema, "Ndiyo hiyo tu?"

Kabla ya kurudisha skrini nikachungulia kumbukumbu za siku, nijue nimewakosesha watu wangapi. DENIED, yaani amekataliwa, ya matroni, mara sita. DENIED ya CRE. DENIED ya mkutubi. DENIED za Mwalimu, zisizohesabika. Mbili zangu. Na katikati yao, tangu asubuhi mpaka nilipozima mtambo, kompyuta namba tisa ikisoma tovuti ya kubeti, ukurasa baada ya ukurasa, bila DENIED hata moja.

Nikatoka kabatini mpaka namba tisa. Kijana wa Kidato cha Tatu akasimama kwa heshima zote.

"Wewe, huku umeingiaje?"

"Nimeandika tu anwani, sir."

"Na neno beti?"

Akaitazama skrini, akanitazama mimi, kwa huruma kabisa.

"Sir, hawa wameandika kwa Kizungu. Ni *bet*. Haina i."