Mistari ya Gungu, biti ya Dar: dogo amefanya sawa?

Vijana wa Mwanga, Gungu na Ujiji wanarushiana kwenye simu fristaili moja fupi isiyo na korasi. Aliyechana ni dogo wa Gungu ambaye redio hazimpigi na matamasha hayamwiti. Biti si yake. Ni ya wimbo wa msanii mkubwa wa Dar es Salaam ambao kila dereva wa bodaboda mjini Kigoma anaujua kwa moyo. Ubishi umewaka: wapo wanaosema kamfunika mwenye wimbo, wapo wanaosema kadandia jasho la mtu.

Nianze na wanaomtetea, maana hoja yao ni nzito kuliko wanavyoieleza. Wao wanaishia kusema dogo ni mkali. Ukali wenyewe uko wapi? Rapa akija na biti mpya huna cha kumpimia. Hujui kama mdundo ndio umembeba au yeye ndiye aliyeubeba. Biti ambayo sote tumeshaisikia ikichanwa na mkubwa inaondoa shaka hiyo. Tunajua mwenye wimbo alivuta pumzi wapi, ngoma inakatika wapi, na yeye alifanya nini na ule ukimya. Mwenye wimbo alinyamaza. Dogo kafika palepale, kapitisha mstari mrefu mkavu bila mdundo wowote chini yake, na silabi ya mwisho ikatua sawasawa na besi inaporudi. Hakuna anayebahatisha kitu kama hicho.

Halafu kuna vina. Kiswahili kinamrahisishia rapa kazi kupita kiasi: maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo kufunga mistari minne kwa sauti moja hakumgharimu mtu jasho. Washairi walilijua hilo zamani, ndiyo maana shairi la mizani 16 likadai kina cha kati kwenye silabi ya 8 na kingine mwishoni. Dogo huyu anapanda vina katikati ya mstari, anaoanisha silabi tatutatu, na kuna mahali neno la Kiha limekutana na la Kiswahili bila lolote kupindishwa.

Ila kilichonishika zaidi ni maudhui. Wimbo wenyewe ni majigambo ya magari na hoteli. Yeye kauhamishia mwaloni Kibirizi, wakati Ziwa Tanganyika limefungwa: mitumbwi imepandishwa nchi kavu, chanja za dagaa ni tupu, na mama mwenye marejesho ya mkopo anahesabu siku. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana, na dogo hakubezi kufungwa kwenyewe. Anauliza tu watu wale nini wakati samaki wanapumzika. Sijasikia wimbo wa redioni uliolisema jambo hili kwa uchungu na usahihi wa namna hii.

Wanaompinga wanasema kuchana juu ya biti ya mtu ni uvivu. Hapo wanakosea. Rap ya Kiswahili yenyewe ilipata miguu kwa njia hiyo: mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alijulikana kwa kuchana Kiswahili juu ya mdundo wa “Ice Ice Baby” wa Vanilla Ice, na Vanilla Ice naye besi ile aliitoa kwa Queen na David Bowie, ambao baadaye majina yao yaliongezwa kwenye orodha ya watunzi. Nchini Marekani, 50 Cent, baada ya kutemwa na kampuni yake ya kurekodi, alirudi mwaka 2002 kwa kanda zilizojaa biti za wenzake. Hata taarab ya pwani ilichukua tuni za filamu za Kihindi na kuzivisha maneno yetu.

Lakini upande huo una hoja nyingine, ambayo hawaisemi sana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi wa muziki, na inamlinda pia aliyetayarisha rekodi. Maneno ni ya dogo, hakuna wa kumnyang'anya. Mdundo si wake. Hawezi kuiuza kazi hii bila ruhusa, na akiipandisha YouTube, mfumo wa kutambua sauti unaweza kumwachia mwenye rekodi achague: aizuie, au aiache na kuchukua yeye pesa ya matangazo. Kwa hiyo mistari bora kabisa ya kijana huyu imekaa mahali ambapo haiwezi kumlipa.

Watetezi wanajibu kirahisi: si aihamishie kwenye biti yake? Jamani, sikilizeni tena. Ule mstari mkavu uliandikwa kwa ajili ya ukimya ule, na ile pumzi fupi kabla ya kutaja Kibirizi inategemea kinanda kilichotangulia. Ukiihamisha bila kuiandika upya utabaki na maneno yaliyopoteza hatua zao. Inawezekana, ila ni kazi ya kuanza karibu upya.

Na kuna anayeumia bila kutajwa, naye ni prodyuza wa hapa Kigoma. Mkoa huu haujawahi kukosa vipaji. Mwaka 2012 Kigoma All Stars waliwakusanya wasanii wenye asili ya huku kwenye wimbo mmoja, na nchi nzima ikaucheza. Wengi wao walikuwa wameshatokea kupitia Dar. Rapa mkali anapoweka kazi yake bora juu ya biti ya Dar, mtengeneza biti wa Mwanga anakosa wimbo ambao ungemtambulisha, na rapa anayefuata atamwona hafai.

Kwa hiyo nasimama na dogo kwa fristaili hii moja. Alihitaji kupimwa mbele ya watu, kapimwa na kashinda. Ya pili juu ya biti nyingine ya Dar nitaipokea kwa moyo mzito, kwa sababu itakuwa inathibitisha jambo tulilokwisha kuliona. Na kwa hii iliyopo, ipo kasoro anayoweza kuirekebisha leo hii: ujumbe unaosambaa nayo unataja jina lake na la msanii mwenye wimbo, ila aliyeitengeneza biti hajaandikwa popote. Aandikwe, kisha yeye na mwenye rekodi watafutwe waombwe ruhusa. Wakikubali, dogo atakuwa na kazi anayoweza kuitoa rasmi. Wakikataa, dogo akae na prodyuza wa mtaani kwake, waanze na mdundo, mistari ya Kibirizi ifuate.