Wazazi waulizwe kwanza

Nimesoma makala kuhusu makanisa ya Marekani ambayo mwaka 2007 yaliweka Xbox, yaani mashine ya michezo ya video, na skrini kubwa kumbini ili vijana waje kucheza Halo 3, mchezo wa kupigana risasi, kisha wahubiriwe. Nawaelewa wachungaji wale, maana kumpata kijana wa kiume jioni si kazi ndogo. Lakini mchezo huo ulikuwa na alama ya M, yaani ni wa kuanzia miaka 17. Maduka mengi yalikuwa na utaratibu wa kutomuuzia mtoto, halafu kanisani wa miaka 12 anakabidhiwa bure! Hilo linaniuma kuliko damu yenyewe.

Wapo wanaojitetea kwamba wanaouawa ni viumbe wa sayari nyingine. Hiyo ni kwenye hadithi ya mchezo tu. Wakicheza kwa makundi, vijana hupigana risasi wao kwa wao, na anayeua wengi ndiye anayeshangiliwa. Mhubiri anasimama dakika chache baadaye kusema nini kuhusu kumpenda jirani?

Viongozi wa vijana, tafadhali, pateni ruhusa ya mzazi kwa maandishi. Asiyefikisha umri mpeni mchezo wa mpira wa miguu kwenye mashine hiyohiyo.