Majuto ya Ashoka na mateka wa Kalinga

Wafalme walioshinda vita wamezoea kuchonga sifa zao mawe kwa mawe. Ashoka, mfalme wa dola ya Maurya katika India ya kale, alichonga majuto. Karibu mwaka 261 KK aliivamia Kalinga, nchi ya pwani ya mashariki ya India, Odisha ya leo. Idadi ya walioumia kaitaja mwenyewe katika tangazo lake la 13 la mwambani: mateka 150,000, waliouawa 100,000, na wengine wengi zaidi waliokufa baadaye. Kisha anasema moyo unamuuma, na kwamba ushindi anaoutaka sasa ni wa dhamma, yaani uadilifu.

Je, tumwamini?

Wenye shaka wana hoja nzito. Dola ya Maurya haikujengwa kwa mahubiri. Babu yake, Chandragupta, aliiangusha ile ya Nanda karibu mwaka 321 KK, akatawala kutoka Pataliputra, Patna ya leo. Baadaye Seleucus, mfalme Mgiriki aliyetawala upande wa magharibi, akamwachia majimbo ya magharibi kwa tembo 500. Ashoka hakurudisha hata shubiri ya ardhi hiyo, wala ya Kalinga. Katika tangazo lilelile la majuto anawaonya watu wa misituni kwamba, pamoja na kujuta, nguvu bado anazo. Tena tangazo hilo halipo Dhauli wala Jaugada, ndani ya Kalinga yenyewe. Huko kuna mengine, yanayowaagiza maofisa wasifunge watu bila sababu, maana watu wote ni wanawe.

Mimi kutoliweka tangazo hilo Kalinga sikuoni kuwa hila. Kumhesabia mfiwa maiti wake ni kumtonesha kidonda. Na ninachomwaminia zaidi kiko jikoni. Tangazo la kwanza linasema zamani wanyama wasiohesabika walichinjwa kwa ajili ya mchuzi wa mfalme. Sasa ni tausi wawili na swala mmoja, na huyo swala si kila siku. Anayetaka sifa tu angesema ameacha kabisa. Huyu anakiri bado yumo njiani.

Ubuda, dini aliyoifuata Ashoka, nao ulipata mlezi bila kuwa fimbo ya kuchapia wengine. Ashoka alihimiza kila madhehebu yaheshimiwe, na mapango ya Barabar akawapa Waajivika, ambao si Wabuda. Huko Kandahar, Afghanistan ya leo, aliandika kwa Kigiriki na Kiaramu ili wenyeji wamwelewe. Wanaodai upole huo ndio ulioiua dola hawanishawishi: jeshi halikuvunjwa, na jemadari Pushyamitra alimpindua mfalme wa mwisho karibu mwaka 185 KK, takriban miaka 50 baada ya Ashoka kufa.

Kinachonikaa kooni ni wale mateka. Katika tangazo lote, baada ya hesabu na maumivu ya moyo, hakuna mstari unaosema walirudishwa makwao.